Mama Suuza na Jicho la Mkwewe

Wazee wetu, viongozi wa dini, ndugu wa pande zote, majirani, nanyi wenzake marehemu mliofua naye mashuka ya hospitali miaka yote ile, familia imenituma nisimame mbele yenu niwasomee maisha ya mama yetu, ambaye wengi mnamfahamu kwa jina la Mama Suuza. Kabla sijafika mbali ni vizuri mjue kwamba mimi si mwanawe wa kumzaa, mimi ni mkwewe, mume wa binti yake mkubwa, na nimeona baadhi yenu mmeshaanza kuulizana kwa macho imekuwaje watoto wake wapo, wazima, wamesoma, halafu historia ya mama yao ikaangukia mikononi mwa mkwe. Jibu ni kwamba aliagiza hivyo mwenyewe. Alimwita mke wangu kando ya kitanda akamwambia, "Nyinyi mtalia katikati ya maneno, watu waondoke hawajajua hata nilizaliwa lini, mwambie mumeo asome yeye." Nami nilikuwa nimekaa hapo hapo, ningenyoosha mkono ningemgusa, lakini ujumbe ulipitia kwa mke wangu kama kawaida yetu, na sababu yake mtaisikia.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya treni, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto saba wa baba aliyekuwa fundi wa mabehewa na mama aliyekuwa akifuma vitambaa vya meza na kuviuza mlango kwa mlango. Inasimuliwa kwamba alichelewa kulia, akageuzwa, akapigwapigwa mgongoni, na alipoamua kulia akalia mpaka jioni, bibi yake akasema mtoto huyu hatafanya jambo kwa kulazimishwa wala hataliacha akishalianza, na kwa kuwa bibi hayupo leo kuulizwa, mimi nitamtolea ushahidi kwamba alisema kweli tupu.

Alianza shule ya msingi Januari 1957, katika shule iliyokuwa ng'ambo ya reli, akamaliza darasa la saba mwaka 1963, akiwa hodari wa hesabu na mwandiko, na angeendelea kama baba yake asingeumia mgongo kazini mwaka huo huo, ikabidi wakubwa wakae nyumbani ili wadogo wapate kula. Hakuwahi kulalamika mbele yetu kuhusu jambo hilo, ila kila mjukuu alipopeleka ripoti ya shule aliisoma kuanzia chini kwenda juu, maoni ya mwalimu kwanza na alama baadaye, akisema kwamba alama zinaweza kudanganya lakini mwalimu aliyechoka hana nguvu ya kudanganya, na wajukuu walimwogopa kwa hilo kuliko walivyowaogopa wazazi wao.

Tarehe 2 Mei 1968 aliajiriwa katika chumba cha kufulia cha hospitali, na hapo akafanya kazi mpaka alipostaafu. Walioingia chumba kile wanakikumbuka, kirefu, chenye madirisha ya juu yasiyofunguka, masinki ya saruji upande mmoja, na mashine moja kubwa iliyotetemeka mpaka vikombe vya chai vikahama mezani vyenyewe. Kila shuka lilikuwa na uzi kwenye pindo, mwekundu kwa wodi ya upasuaji, buluu kwa watoto, kijani kwa wazazi, mweupe kwa waliobaki, na marehemu aliweza kupitisha pindo vidoleni akakwambia shuka limetoka wapi na limefuliwa na nani, hasa kama limefuliwa vibaya. Jina la Mama Suuza alilipata humo, kwa sababu ya usemi wake kwamba suuza kwanza, maswali baadaye, na usemi huo haukuwa wa mashuka peke yake. Katika mwaka wake wa kwanza mwenzake mmoja alirukiwa na soda kali ya kufulia machoni, watu wakakimbia huku na huko kutafuta muuguzi, kutafuta msimamizi, kutafuta ufunguo wa kabati la dawa, na yule dada amekaa kwenye benchi anasubiri, na masinki yamejaa maji mbele yake. Jicho moja lilipotea. Tangu hapo marehemu aliweka ndoo ya maji safi karibu na mlango, yenye mfuniko, na aliyechovya kikombe humo ili anywe alisikia maneno ambayo siwezi kuyasoma mbele ya viongozi wa dini.

Alifunga ndoa tarehe 19 Desemba 1970 na msoma mita za maji ambaye sote tulimwita Mzee Sharubu, baba mkwe wangu, mtu mpole kupita kiasi, aliyetembea mitaa mizima tangu asubuhi akichungulia mita chini ya ardhi, na akirudi nyumbani alilala. Alilala akiwa amekaa, alilala kijiko kikiwa njiani kwenda mdomoni, na kuna picha ya harusi ya shemeji yangu ambayo watu wote wanatabasamu isipokuwa yeye. Walijaliwa watoto watano, wa nne akafariki akiwa mchanga mwaka 1979, na wanne waliobaki wako hapa mbele yenu, pamoja na wajukuu kumi na mmoja na vitukuu wawili, ambao mdogo wao ndiye mnayemsikia akipinga ninayoyasoma.

Mimi niliingia katika familia hii mwaka 1991 nilipomwoa binti yake mkubwa, na nilikuwa nimelelewa kama wengi wenu mlivyolelewa, kwamba mama mkwe hatazamwi usoni, hapewi mkono, na mkikutana njiani wewe ndiye unayekumbuka ghafla kwamba ulikuwa unaelekea kwingine. Naye alilelewa hivyo hivyo. Kwa hiyo tulipatana sana, kwa maana kwamba hatukusemeshana kabisa. Akitaka kuniambia jambo alimwambia Mzee, hata kama sote watatu tumekaa chumba kimoja, "Mzee, mwambie mkweo chakula kinapoa," nami nikamjibu Mzee kwamba nashukuru, nakuja, na mara nyingi Mzee mwenyewe alikuwa amelala, anakoroma, na mazungumzo yakapita juu ya kichwa chake yakafika salama. Aliyekuwa akiona jambo hilo kwa mara ya kwanza alidhani tumegombana, kumbe hiyo ndiyo ilikuwa heshima yetu.

Ndugu zangu wataniwia radhi nikikaa kidogo kwenye mwaka 1994, maana mengine ya marehemu nimeyasikia, lakini haya nilikuwepo. Kazi yangu wakati ule ilikuwa kupaka rangi na chokaa, na Jumamosi ya tarehe 11 Juni nilikwenda na mafundi wenzangu wawili kuipaka chokaa nyumba ya wakwe zangu, mke wangu akiwa amelazwa wodi ya wazazi, ana mimba ya mtoto wetu wa pili iliyokuwa ikisumbua, daktari ameamuru asiteremke kitandani. Tulikuwa tunaizima chokaa mbichi kwa maji kwenye pipa uani, mimi nakoroga kwa mti, povu likafoka, likanirukia jicho la kulia. Anayejua kazi ile anajua maumivu yake, na asiyejua nisimtie hofu bure.

Sasa mafundi wa chokaa tulikuwa na mwiko wetu. Kila siku tuliona kwa macho yetu chokaa mbichi ikikutana na maji inavyochemka, pipa likawa la moto mtu asiweze kuliegemea, na kwa sababu hiyo tuliamini kwamba chokaa ikiingia jichoni, adui wa kwanza ni maji, usiruhusu hata tone, tafuta mafuta ya kupikia, au futa kwa kitambaa na uvumilie. Tulifundishwa hivyo na mafundi waliotutangulia, ambao ukiwafikiria vizuri, wengi wao walikuwa na jicho moja. Wenzangu wakanishika mikono nisijisugue, mmoja akakimbilia jikoni kuomba mafuta, na huko jikoni ndiko alikokuwa mama mkwe.

Alitoka na mikono mitupu. Akanikamata kisogoni, mimi mkwe wake, ambaye hakuwahi kunigusa hata kivuli, akaniburuta mpaka kwenye bomba la uani, akalifungua mpaka mwisho, akaniambia maneno matatu, ambayo ndiyo pekee aliyowahi kuniambia ana kwa ana katika maisha yake yote, "Fumbua jicho, wewe." Nikapiga kelele kwamba litachemka. Akawageukia wenzangu, maana adabu ilikuwa imeshaanza kumrudia, akasema, "Mwambieni kama ni kuchemka limeshachemka, sasa tunazima moto." Akanishikilia chini ya maji yale, akageuza ukope kwa ncha ya khanga, akatoa vipande vya chokaa kimoja baada ya kingine, akarudi kwenye maji, na kila nilipodhani tumemaliza hatukuwa tumemaliza. Jirani yetu mwenye gari alipofika, marehemu aliingia na birika, akaendelea kunimwagia njia nzima, na jirani yupo hapa, mwulizeni kama kiti kile kiliwahi kukauka vizuri.

Daktari wa macho alikuwa mama mmoja asiye na maneno mengi. Alinisafisha tena kwa maji ya dripu, akaweka kipande cha karatasi ya kupimia ukali wa chokaa kwenye pembe ya jicho, akaitazama rangi yake, akasafisha tena, mpaka karatasi ilipomridhisha, kisha akauliza ni nani aliyeniosha nyumbani, na alipoambiwa akasema kwamba huyo amefanya nusu ya kazi ya daktari, nusu iliyobaki ni dawa ya matone, na dawa hiyo haina likizo. Hakunificha. Alisema kioo cha jicho kimeungua, kimekuwa cheupe kama kioo cha dirisha mtu akikihemea, kinaweza kutakata na kinaweza kubaki hivyo hivyo, na jibu litategemea sana matone hayo yatakavyotiwa. Jicho la kushoto lilikuwa zima, lakini fundi rangi wa jicho moja hajui ukuta uko karibu kiasi gani, anapanda ngazi kwa kubahatisha, na mimi nilikuwa na mtoto mmoja nyumbani na mwingine njiani.

Chupa zilikuwa nne. Moja ya kuzuia vijidudu, moja ya kupanua mboni ili jicho lipumzike na maumivu yapungue, moja ya kutuliza uvimbe na wekundu, ambayo daktari alisisitiza kwamba ni ya siku chache tu na yeye ndiye atakayesema basi, na moja ya machozi ya kutengenezwa, kwa kuwa jicho lililoungua husahau kujilowesha. Baadhi zilitakiwa kila saa mchana kutwa, na kati ya chupa moja na nyingine lazima kungoja kidogo, vinginevyo tone la pili linalifukuza la kwanza. Mikono ioshwe, ncha ya chupa isiguse jicho, ukope wa chini uvutwe uwe kama kijifuko, tone liangukie humo, kisha pembe ya jicho karibu na pua ibonyezwe taratibu. Wodi ya macho ilikuwa imejaa, nikarudishwa kwa wakwe zangu, niwe nakwenda kuangaliwa kila asubuhi.

Ikabaki swali la nani atatia dawa. Mke wangu yuko kitandani hospitali, mama yangu yuko mbali, na mimi mwenyewe jicho lilikuwa likijifunga likiona tu kivuli cha chupa. Mzee akajitolea kwa moyo wote. Tone la kwanza lilianguka juu ya pua yangu, la pili likaishia kwenye sharubu zake mwenyewe, sijui kwa njia gani, na la tatu likaingia sikioni, kisha Mzee akaniuliza kama naona nafuu. Mama mkwe alikuwa amesimama nje ya mlango anasikia yote, maana asingeweza kuingia mkwe amelala chali. Akaondoka. Tukasikia cherehani.

Aliporudi alikuwa ameshika kipande cha khanga kilichokatwa tundu katikati, tundu limepindwa vizuri kwa uzi, kama lile shuka la chumba cha upasuaji linalofunika mgonjwa mzima na kuacha wazi mahali pa kupasuliwa, shuka ambalo yeye alikuwa amelifua miaka zaidi ya ishirini. Akamkabidhi Mzee, Mzee akanifunika uso wote, tundu likakaa juu ya jicho la kulia, ndipo mama akaingia, akasimama upande wa kichwani, nyuma yangu, akasema, "Mzee, mwambie mkweo kwamba mimi hapa naliona jicho tu, yeye simwoni." Tone likaanguka mahali pake. Hakukosa lile, na sikumbuki akikosa mengine yaliyofuata, zaidi ya siku moja paka alipomrukia mgongoni.

Ndivyo tulivyoishi. Alichukua likizo yake ya mwaka, akafunga nyuzi kwenye shingo za chupa kama alivyofanya kwenye mapindo, nyekundu kwa ya vijidudu, buluu kwa ya mboni, kijani kwa ya uvimbe na nyeupe kwa machozi, akaziweka juu ya kabati kwa mpangilio ambao hata Mzee hakuruhusiwa kuusogeza. Kabla ya kila tone nilisikia maji yakimwagika kwenye beseni, kisha kandambili zake, kisha, "Mzee, mwambie mkweo atazame juu," na kutoka kwenye kiti mkoromo ukajibu, nami nikatazama juu. Baina ya chupa na chupa alikaa akingoja, mara nyingine akimsimulia Mzee habari za wodi ya wazazi, mke wangu amekula nini, shinikizo la damu limepanda au limeshuka, mtoto amecheza tumboni, na Mzee hakusikia hata neno, lakini mimi nilizipata zote.

Baada ya siku zile chache daktari alisimamisha chupa yenye uzi wa kijani, na hiyo ndiyo niliyoipenda kuliko zote, kwa sababu ikiingia tu moto unapoa, na ilipoondolewa wekundu ukarudi kidogo. Kaka yangu mkubwa, dereva wa lori, alikuja kunitazama, akanikuta nalalamika, akatoka, akarudi na chupa mpya ya dawa ile ile aliyoinunua dukani. Huyu ni kaka wa mkwe, ni mgeni, ana haki zake, hafukuzwi wala habishiwi, na marehemu alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Akaketi mkekani, akamgeukia mumewe aliyelala, akasema, "Mzee, mwambie mgeni wetu tunamshukuru sana kwa moyo wake, ila daktari ameikataza." Kaka yangu, ambaye si mtu wa kushindwa, naye akamgeukia Mzee akasema, "Baba, mwambie mama kwamba dawa hii ilimponya rafiki yangu ndani ya siku mbili." "Mzee, mwambie mgeni huenda rafiki yake aliingiwa na vumbi, huyu aliingiwa na chokaa." "Baba, mwambie mama jicho jekundu ni jicho jekundu." Wakaenda hivyo kwa muda mrefu, kwa sauti za upole, na Mzee katikati anakoroma kama jaji aliyesikia kesi nyingi, mpaka mama akaipokea chupa kwa mikono miwili, akashukuru, akaiweka kabatini, akafunga. Kesho yake alikwenda nayo kwa daktari, na daktari akaeleza kwamba dawa ile ikiendelea kutiwa wakati jicho linajaribu kujiunga, inaweza kulizuia lisijiunge, kioo kikawa chembamba mpaka kikatoboka. Kaka yangu aliposimuliwa alikaa chini, na tangu siku ile kila safari ya lori alimletea marehemu kipande cha sabuni.

Lakini jicho halikuwa linatakata. Siku zilipita, daktari akaangalia kwa taa yake, akasema tuendelee, na kwa sauti yake nilijua anasema hivyo kwa kuwa hana la kusema. Nilipolifunika la kushoto niliona ukungu mtupu, mwanga upo, vitu havipo. Asubuhi moja nilisikia maji kwenye beseni, nikasikia kandambili, nami nikageukia ukutani nikamwambia Mzee kwamba amwambie mama aache, nimechoka, jicho limekwisha, asijisumbue. Nilidhani ameondoka. Kisha nikamsikia, taratibu, sauti haikupanda hata kidogo, "Mzee, mwambie mkweo kwamba shuka lenye damu halijui kama litatakata, kazi yake ni kukaa kwenye maji. Na mwambie sikumwoza binti yangu kwa jicho, nilimwoza kwa mtu, likipona tutashukuru na lisipopona bado ni mkwe wangu. Ila kukata tamaa kabla ya daktari, katika nyumba hii, hapana." Nililia, ndugu zangu, nalisema wazi, na daktari alishasema machozi ni dawa. Nikalala chali, nikajifunika kile kitambaa mwenyewe, tone likaanguka.

Tarehe 9 Julai 1994 mke wangu alijifungua salama mtoto wa kike, huyo aliyeshika msalaba pale mbele, na zilikuwa zimepita siku kadhaa tangu asubuhi nyingine ambayo sitaisahau. Nilikuwa nimelala chini ya kitambaa, nikatazama juu nilivyoagizwa, na katika ukungu ule nikaona kitu chekundu, chembamba, kinaning'inia. Ulikuwa uzi wa chupa. Nyuma ya uzi nikaona vidole, na nyuma ya vidole nikaona uso wa mama mkwe wangu, juu chini, umekunja ndita kwa kulenga. Nikasema, "Mzee, naona uzi mwekundu." Mama akashtuka, akageuza uso ukutani kwa kasi, akasema, "Mzee, mwambie mkweo kama anaona, basi afumbe." Akatoka, na kule uani akacheka peke yake, akacheka mpaka Mzee akaamka kuuliza kuna nini.

Jicho lile lilipona, likabaki na kovu jeupe pembeni lisilozuia kitu, nikarudi kazini, watoto wakasoma. Jioni moja Mzee aliniambia, safari hii akiwa macho kweli, kwamba ametumwa aniombe radhi kwa neno moja, siku ile bombani mama aliniita wewe. Nikamtuma arudishe jibu kwamba sijawahi kuitwa vizuri zaidi ya pale.

Marehemu alistaafu tarehe 30 Juni 2004, akaacha ndoo yake mlangoni, na naambiwa ipo mpaka leo. Tarehe 8 Agosti 2011 Mzee Sharubu alituacha, akiwa kwenye kiti chake, mchana, na mama ndiye aliyejua wa kwanza, kwa sababu alimwambia aniambie nipunguze redio na hakusikia mkoromo wa kumjibu. Baada ya mazishi tulijiuliza itakuwaje. Ikawa hivi, mama akaendelea kukigeukia kile kiti kitupu, "Mzee, mwambie mkweo paa linavuja," nami nikakijibu kiti kwamba nitakuja kesho na ngazi, na hakuna mjukuu aliyethubutu kukalia kiti kile.

Mwaka 2021 alianza kusumbuliwa na shinikizo la damu, kisha figo, akatibiwa akapata nafuu, akarudi nyumbani, na tarehe 3 Oktoba 2023 alilazwa kwa mara ya mwisho katika hospitali ile ile aliyoitumikia. Siku moja kabla ya kufariki nilibaki naye peke yangu wakati wengine wamekwenda kumwona daktari, hapakuwa na kiti cha Mzee pale, hapakuwa na mtu wa kupitishia neno, na mama akanigeukia akanitazama usoni, muda mrefu, nami kwa mara ya kwanza sikuinamisha macho. Nilimpenda mama huyu, na nadhani alijua. Asubuhi ya Ijumaa tarehe 20 Oktoba wauguzi walikuja kubadilisha mashuka, akashika pindo la shuka jipya, akalisugua vidoleni, akamwambia binti yake kwamba siku hizi hawasuuzi vizuri, akafumba macho, na baada ya muda mfupi akatutoka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wa figo na wale wa macho wa miaka ile, inawashukuru wenzake wa chumba cha kufulia waliokuja leo na sare zao, majirani waliopika na kulala chini pamoja nasi, jirani mwenye gari ambaye hata jana alilitoa bila kuuliza kama litalowa, na nyote ambao majina yenu tukianza kuyataja tutazika usiku.

Imebaki sentensi moja, ambayo kwa desturi msomaji humwambia marehemu mwenyewe, na mimi katika miaka yote sijawahi kumwambia mama neno uso kwa uso, wala leo si siku ya kuanza kukosa adabu. Mzee, tunamleta mama alale kando yako, amka kidogo. Mwambie mkeo tumefika salama, watoto wote wapo. Mwambie mkwe wake ameisoma karatasi nzima na hakulia katikati, amelia mwishoni. Mwambie apumzike kwa amani.